Machweo ya Mirihi ni ya bluu. Kwa nini ya kwetu siyo?

Mwalimu_wa_Kimara (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jukwaa hili halikosi picha za jua linazama. Mmoja yuko Masaki upande wa ghuba, mwingine kanasa kwenye foleni Daraja la Tanzanite katoa simu dirishani, na komenti ni zilezile: "orenji hatari", "Mungu fundi". Sina ugomvi na hilo. Leo naleta machweo ya mbali zaidi, ya Mirihi, kwa sababu kule mambo yamegeuka.

Mchana anga la Mirihi lina rangi ya ugoro, njano iliyochafuka kwa kahawia. Jua likikaribia kuzama, eneo la anga linalolizunguka linakuwa bluu. Bluu yenyewe imepauka, ya baridi baridi. Ukiondoa macho kwenye jua ukatazama pembeni, bluu inafifia na unarudi kwenye ugoro. Yaani pale ambapo sisi tuna wekundu wao wana bluu, na pale ambapo sisi tuna bluu wao wana udongo.

Picha zipo na siyo moja, zimepigwa na vyombo vya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, vilivyotua kule. Viking 1 ilitua Julai 1976, na mwezi uliofuata ikapiga jua likizama. Spirit ilipiga tarehe 19 Mei 2005: jua linashuka nyuma ya ukingo wa kreta (shimo kubwa la duara) ya Gusev, na ukingo huo uko kilomita kama 80 kutoka gari liliposimama, zaidi kidogo ya Dar mpaka Unguja mjini. Curiosity ilipiga tarehe 15 Aprili 2015 ikiwa kreta ya Gale, picha nne ndani ya dakika 6 na sekunde 51. InSight nayo 2019, Perseverance Novemba 2021. Kamera tofauti, sehemu tofauti za sayari, miaka tofauti, na kila mara bluu iko palepale, inalizunguka jua.

Nasema mapema msimamo wangu ili tusizunguke: machweo hayakuambii rangi ya sayari, yanakuambia kilichoning'inia hewani. Sababu nitaziweka chini kadiri maswali yanavyokuja. Karibuni.

Karanga_za_Kuonja

Nimekaa mbele kabisa. Endelea, mkuu.

Tomaso_wa_Tandika

Mwalimu, mimi hapa nanusa chai. Nani alikwenda kule akaona kwa macho yake? Mashine inapiga picha, picha inapita kwenye kompyuta za Wamarekani, halafu mimi naambiwa bluu. Na hiyo Viking uliyoitaja ndiyo inayowaumbua. Mwaka huohuo 1976 walitoa picha ya Mirihi yenye anga la bluu kama la Dar, baadaye wakaibadilisha ikawa ya pinki. Kama rangi inabadilishwa ofisini, mimi naamini ipi?

Fundi_Picha_Kkoo

Tomaso, hapo umegusa kazi yangu, ngoja nikujibu kama mpiga picha. Nimekuwa studio Kariakoo muda mrefu, na kitu cha kwanza kijana akija kujifunza namfundisha kwamba kamera haijui rangi. Kamera inahesabu mwanga uliopita kwenye chujio jekundu, la kijani na la bluu. Mtu gani atakuwa na ngozi ya rangi gani, hilo linaamuliwa na aliyepanga weupe, yaani aliyeiambia kamera kipi kihesabiwe cheupe. Bibi harusi akisimama chini ya taa ya njano, nisiporekebisha, shela lake linatoka kama limechovywa kwenye binzari.

Sasa ile ya 1976. Habari ni ya kweli, na imesimuliwa na wenyewe. Picha ya kwanza ya rangi ilitoka harakaharaka, waliopanga weupe wakapanga kwa mazoea ya huku nyumbani, anga likatoka bluu. Wakarudi kupima kwa kutumia vibao vya rangi vilivyofungwa kwenye chombo chenyewe, vibao ambavyo rangi yake ilikuwa inajulikana kabla havijaondoka duniani. Vibao vilipokaa sawa, anga likahamia kwenye njano na pinki. Carl Sagan, aliyekuwa kwenye timu hiyo, alisimulia kwamba waandishi wa habari walizomea kwa utani walipotangaziwa anga siyo bluu. Watu walitaka Mirihi ifanane na kwao.

Kwa hiyo hoja yako inageuka, Tomaso. Wangekuwa wanapaka rangi ya kufurahisha watu, wangeiacha ile ya bluu.

Tomaso_wa_Tandika

Sawa kwa Viking. Na hizi za juzi juzi? Kibao cha rangi kikijaa vumbi la huko miaka yote hiyo, kitakuwa na rangi gani?

Fundi_Picha_Kkoo

Swali la mtu anayejua kuuliza. Spirit, Opportunity na Curiosity wote wamebeba kibao chenye muundo wa saa ya jua: katikati kimlingoti kinachotupa kivuli, kukizunguka duara za kijivu, na kwenye pembe nne vipande vya rangi. Kivuli kina kazi yake. Sehemu iliyo kivulini inamulikwa na anga peke yake, sehemu iliyo juani inamulikwa na jua na anga pamoja. Ukilinganisha hizo mbili unajua anga linachangia rangi kiasi gani. Kuhusu vumbi, kibao cha Curiosity kimewekewa sumaku kwa chini. Vumbi la Mirihi lina chuma, linavutwa linakusanyika pale kwenye sumaku, na pembeni yake panabaki pasafi kidogo pa kupimia.

Ila nikupe na cha kwako, maana nataka tuwe wakweli. Ile picha maarufu ya Spirit ya 2005 ilitumia chujio cha nanomita 750, 530 na 430 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Nanomita 750 iko mwisho kabisa wa wekundu, jicho letu karibu haliioni. Kwa hiyo ile picha rangi zake zimekolezwa kiasi, na waliotoa walisema hivyo wazi. Ya Curiosity ni habari nyingine. Kamera yake inaona rangi karibu sawa na jicho la binadamu, na kwa upande wa bluu iko butu kidogo kuliko sisi. Umeelewa maana yake? Kamera isiyopenda bluu imeleta bluu.

Tomaso_wa_Tandika

Hapo kwenye kamera butu nimekaa chini kwanza. Endeleeni.

Mama_Nasra_Ilala

Mimi sina maneno ya kamera. Nauliza tu, mwalimu, kwa lugha nyepesi: mbona huku jua likizama ni jekundu na kule bluu, na jua ni lilelile?

Mwalimu_wa_Kimara

Mama Nasra, asante, hili ndilo swali lenyewe. Nitaenda polepole kidogo.

Mwanga wa jua umechanganya rangi zote. Ukiingia kwenye hewa yetu unakutana na molekuli za naitrojeni na oksijeni. Hizi ni ndogo mno kuliko wimbi la mwanga. Lord Rayleigh, Mwingereza, alionyesha mwaka 1871 kwamba kitu kidogo kiasi hicho kinatawanya mawimbi mafupi kuliko marefu, na tofauti siyo ndogo: inakwenda kwa kipeo cha nne. Bluu ya nanomita 450 inatawanywa karibu mara 6 kuliko nyekundu ya nanomita 700. Ndiyo maana mchana ukitazama popote angani unakuta bluu iliyotawanywa.

Jioni mwanga unatujia kwa kuinama, unapita kwenye hewa nyingi mara 38 hivi kuliko jua likiwa utosini. (Hapa Dar jua linakaa utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 9 Oktoba, siku hizo mchana ukisimama wima kivuli kinajificha chini ya miguu.) Kwenye safari hiyo ndefu bluu yote inamwagikia njiani, inawapa anga la mchana watu wengine walio magharibi yetu. Inayofika Dar ni orenji na nyekundu.

Sasa Mirihi. Hewa yake, ambayo sehemu kubwa ni kabonidayoksaidi, ni nyepesi sana: mgandamizo wake ni miliba 6 hivi, wetu ni 1,013. Hazifiki asilimia moja. Molekuli chache namna hiyo haziwezi kupaka anga zima. Vumbi lisingekuwepo, anga la kule lingekuwa bluu nzito inayokaribia weusi. Lakini vumbi lipo siku zote, halishuki likaisha, na ndilo lenye kazi.

Chembe za vumbi hilo zina nusu-kipenyo cha maikromita 1 hadi 1.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene mara ishirini na zaidi. Ndani yake mna oksaidi ya chuma, yaani kutu. Hapo ndipo mambo mawili yanatokea kwa pamoja, na watu wengi wanayachanganya.

La kwanza, kutu inakula bluu. Mwanga uliogongana na vumbi mara kadhaa unatoka umepungukiwa bluu, ndiyo maana anga la mchana ni la ugoro.

La pili, chembe ya ukubwa huo, unaolingana na wimbi la mwanga au kuuzidi kidogo, haitawanyi ovyo pande zote kama molekuli. Inausukuma mwanga mbele, kulekule ulikokuwa unakwenda. Mjerumani Gustav Mie ndiye aliyetoa hesabu za chembe za namna hii mwaka 1908. Na kwenye kusukuma huko mbele, bluu inapinda kidogo tu kwa sababu wimbi lake ni fupi, inabaki imebanana karibu na mstari wa jua. Nyekundu na njano zinapanuka, zinakwenda mbali. Ukitazama karibu na jua unakutana na ile bluu iliyobanana. Ukitazama mbali unakutana na nyekundu na njano zilizopanuka.

Bluu hiyo ipo hata mchana, ila mng'ao wa jua unaifunika. Jioni mwanga unapita kwenye vumbi jingi zaidi, jua linapoa, bluu inajitokeza. Mark Lemmon wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, aliyepanga zile picha za Curiosity za 2015, aliwaelezea watu hivyohivyo: vumbi lina ukubwa unaofaa kuipitisha bluu vizuri kidogo kuliko rangi nyingine.

Mama_Nasra_Ilala

Kwa hiyo huku bluu inamwagika njiani, kule inabanana na jua. Nimekuelewa vizuri sana, mwalimu. Mungu akuweke.

Mpare_wa_Gongo

Wale wa kutaka kuona kwa macho: jana umeme ulipokatika nilijaribu na watoto. Bilauri ya maji, matone machache sana ya maziwa, tochi ya simu pembeni ya bilauri. Ukitazama kutoka ubavuni, maji yana ubluu. Ukitazama kwa upande wa pili, tochi ikielekea kwako, taa ni orenji kabisa. Mtoto wa mwisho akasema "jua la magharibi". Usiongeze maziwa, ukizidisha inakuwa chai ya maziwa isiyo na chai, kila kitu cheupe.

Mwalimu_wa_Kimara

Mpare, safi sana. Ila hiyo ni Dunia kwenye bilauri. Ya Mirihi haitoki kwa maziwa. Ya Mirihi mtafute mwezi ukiwa karibu kujaa, na wingu jembamba linapita mbele yake, lile linaloacha mwezi uonekane. Unaona duara dogo limeubana mwezi: ndani ni jeupe lenye ubluu, ukingoni ni kahawia inayoelekea wekundu. Matone ya wingu yanafanya kazi inayofanana na vumbi la kule, bluu ndani, wekundu nje. Msichanganye na lile duara kubwa la mbali na mwezi, lile ni la barafu ya juu sana na ni habari nyingine.

Baharia_wa_Magogoni

Naongeza la historia, maana haya ya bluu hayajatokea Mirihi tu. Mlima Krakatoa kule Indonesia ulipolipuka Agosti 1883, majivu na salfa vilizunguka dunia nzima. Machweo yakawa mekundu ya kutisha hadi Ulaya na Marekani kwa miezi. Lakini Septemba ya mwaka huohuo watu wa Ceylon na kusini mwa India waliona jua lenyewe limekuwa la kijani, na sehemu nyingine la bluu. Halafu Septemba 1950 misitu iliungua Alberta, Kanada, moshi ukavuka Atlantiki, na Waingereza wakaona jua la bluu, na mwezi nao ukawa wa bluu. Chembe za moshi zilikuwa karibu zote za ukubwa mmoja, kama maikromita moja.

Hii ndiyo inayonifanya niamini Mirihi bila kinyongo. Hapahapa kwetu, hewani pakijaa chembe za kipimo hicho, jua linageuka rangi.

Mwalimu_wa_Kimara

Baharia, umepigilia msumari. Tofauti ni moja tu: kwa moshi wa Kanada diski ya jua ndiyo ilikuwa bluu, kwa Mirihi ni anga linaloizunguka.

Ustadhi_wa_Mtoro

Asalaam aleikum wote. Nimesoma kimya kuanzia juu, sasa nina jambo. Sisi Magharibi inaingia jua likizama, hilo hata Mirihi halina shida, diski imezama imezama. Lakini Isha kwa madhehebu ya Shafii, tuliyo nayo wengi hapa pwani, inaingia wekundu wa shafaki ukitoweka. Kama machweo ya kule ni ya bluu, shafaki nyekundu iko wapi ya kutoweka? Mwalimu, wekundu unabaki au haupo?

Mwalimu_wa_Kimara

Waaleikum salaam, Ustadhi. Baada ya jua kuzama kule, mwanga unabaki angani muda mrefu kuliko wetu, maana vumbi limepanda juu sana na linaendelea kudaka jua lililoshazama. Mars Pathfinder mwaka 1997 iliona anga bado lina mwanga hadi saa mbili baada ya machweo. Hapa kwetu karibu na ikweta giza linaingia haraka, dakika ishirini na kitu umeshawasha taa. Rangi ya mwanga ule wa kule, karibu na pale jua liliposhukia, ni bluu na siyo wekundu.

Ustadhi_wa_Mtoro

Basi itarudi kwenye kukadiria. Hadithi ya siku za Dajali, siku moja itakuwa kama mwaka, Masahaba wakauliza kama sala za siku moja zitatosha, Mtume (s.a.w.) akasema hapana, kadirieni kipimo chake. Na hili la kusali angani limeshatokea. Oktoba 2007 Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia alipanda kituo cha anga za juu ikiwa Ramadhani. Kituo kile kinaona jua linachomoza na kuzama mara 16 kwa siku, na wanazuoni wa kwao walimwandikia mwongozo: nyakati afuate za mahali aliporushwa, yaani Baikonur kule Kazakhstan.

Karanga_za_Kuonja

Mara 16! Futari 16 kwa siku, mimi naomba nafasi.

Ustadhi_wa_Mtoro

Na daku 16, kijana. Usisahau upande wa pili.

Mwalimu_wa_Kimara

😂 Ila Mirihi ingemfaa Ustadhi kuliko kituo kile. Siku ya kule ni saa 24, dakika 39 na sekunde 35, sala tano zinaenea vizuri. Shida ni kwamba kila siku unasogea dakika 40 nyuma ya saa yetu. Wahandisi wa Spirit na Opportunity mwanzoni waliishi kwa saa za Mirihi wakiwa California, leo unaingia kazini asubuhi, wiki mbili baadaye unaingia usiku. Wengine walitengenezewa saa za mkononi zinazochelewa makusudi.

Dada_wa_Mikocheni

Na sayari nyingine je? Hebu zipitie zote.

Mwalimu_wa_Kimara

Dada, kwa ufupi, maana nyingi hazina picha.

Mwezi wetu na Utaridi hazina hewa ya maana. Anga ni jeusi mchana na usiku, jua linakatika tu, hakuna rangi. Utaridi ina kituko chake: kuna sehemu ambazo jua likishazama linarudi kuchungulia kabla ya kuzama tena, kwa sababu ya mwendo wa sayari yenyewe.

Zuhura: hewa nzito mara 90 kuliko yetu, mawingu ya asidi ya salfa, joto la nyuzi 460 kwenye uso wa sayari. Venera 13 ya Wasovieti ilituma picha tarehe 1 Machi 1982 na kila kitu ni cha chungwa. Diski ya jua huioni kabisa, unaona mwanga umetapakaa. Kutoka jua kuchomoza hadi kuzama ni siku 58 za kwetu, na linazama mashariki. Sasa hapo utakaa ufukweni na soda yako mpaka lini?

Titani, mwezi wa Zohali, Huygens ilitua tarehe 14 Januari 2005 ikakuta ukungu wa chungwa. Uranusi hakuna aliyetua na hakuna pa kutua, ila mwaka 2020 Geronimo Villanueva wa NASA alipiga hesabu kwa kompyuta: anga la bluu linaloelekea kwenye feruzi, kwa sababu methani inameza wekundu. Hiyo ni hesabu, siyo picha, msije mkaisambaza kwenye magrupu kama picha.

Fundi_Picha_Kkoo

Imeshasambazwa tayari, mwalimu. Niliiona juzi imeandikwa "machweo halisi ya Uranusi".

Binti_wa_Msasani

Rudini nyumbani kidogo. Mimi nakaa upande ambao jua linazamia kwenye ghuba, naliona karibu kila siku. Mbona siku nyingine linakuwa jekundu la moto na siku nyingine linapaukapauka, linapotelea kwenye weupe kabla hata halijagusa chini?

Mwalimu_wa_Kimara

Binti, kanuni ni ileile, uliza kimening'inia nini. Mji wetu unatazama mashariki, kwa hiyo jua la jioni linatujia kutoka bara, juu ya Ubungo, Pugu, Kibaha, pamoja na moshi wa mkaa na wa mashamba yanayochomwa kiangazi. Moshi una chembe ndogo, unakata bluu, unapata lile jua jekundu unaloweza kulitazama bila kufumba. Siku za joto na unyevu, matone na chumvi ya bahari vinavimba hewani. Chembe kubwa hazichagui rangi, zinatawanya zote sawa, ndiyo huo weupe. Mimi napenda zaidi jioni za baada ya mvua, hewa imeoshwa na yamebaki mawingu ya juu. Jua likishazama yale mawingu yanaendelea kumulikwa kwa chini, na rangi zinakuja baada ya watu wote kuondoka na simu zao.

Binti_wa_Msasani

Kweli kabisa! Rangi nzuri huwa zinakuja nikiwa nimeshaingia ndani.

Bodaboda_Mwanafalsafa

Swali langu ni dogo. Jua lenyewe kule ukilitazama linatoshana na la huku?

Mwalimu_wa_Kimara

Dogo zaidi, upana wake ni kama theluthi mbili ya unaouona hapa, na mwanga wake asilimia 43 hivi. Mirihi iko kilomita milioni 228 kutoka kwenye jua, sisi milioni 150. Na ukisubiri jua lizame, ukatazama magharibi, unaweza kukuta nyota moja inang'aa kuliko zote. Ndiyo sisi hao. Curiosity ilipiga picha hiyo tarehe 31 Januari 2014, dakika kama 80 baada ya machweo. Dar, foleni, jukwaa hili, vyote viko kwenye nukta moja.

Na mwezi wao Phobos una vituko. Unaizunguka sayari kwa saa 7 na dakika 39, haraka kuliko sayari inavyojizungusha, kwa hiyo unachomoza magharibi na kuzama mashariki.

Tomaso_wa_Tandika

Nimerudi. Nimezitazama zile picha nne za 2015 kwa bando langu mwenyewe, polepole. Kuna kitu nataka kuuliza bila ubishi. Kama vumbi ndilo linaleta bluu, basi vumbi likizidi bluu ingezidi. Si huwa kuna dhoruba za vumbi kule? Picha za bluu kali kipindi cha dhoruba ziko wapi?

Mwalimu_wa_Kimara

Tomaso, kwa swali hili tu nafurahi kwamba nilifungua uzi.

Hazipo, na sababu ni kipimo. Vumbi la kawaida linabana bluu karibu na jua. Vumbi likizidi, mwanga unagongana mara nyingi mno, kila mgongano kutu inakula bluu kidogo, na mwelekeo unapotea. Zile picha za Curiosity zilipigwa katikati ya dhoruba mbili, vumbi likiwa bado lipo juu ila siyo jingi kupita kiasi.

Dhoruba ya 2018 ilionyesha upande wa pili. Ilifunika sayari nzima. Opportunity, ambayo ilikuwa inaishi kwa umeme wa jua, ilipima unene wa vumbi angani ukafika 10.8. Kawaida huwa chini ya 1. Kwa kipimo hicho mchana unakuwa usiku, jua halionekani hata likiwa utosini, sembuse machweo. Mawasiliano yake ya mwisho yalikuwa tarehe 10 Juni 2018. Curiosity iliendelea kwa sababu umeme wake unatoka kwenye plutoniamu.

Tomaso_wa_Tandika

Haya, Mirihi nimewaachia. Ila la kwenda Mwezini 1969 bado tuna kesi, mwalimu. Nafungua uzi wake sasa hivi, na Fundi Picha aje na majibu ya vile vivuli vya kwenye picha za Mwezini.

Fundi_Picha_Kkoo

Fungua. Nafunga studio saa mbili, nakuja.